Kesi ya Helen Kane na Betty Boop: staili ya binti flapa ilichukuliwa na nani, akalipwa nani

Mei 1932 mwimbaji mmoja wa New York, Helen Kane, alifungua kesi dhidi ya Max Fleischer mwenye studio ya katuni iliyomchora binti Betty Boop pamoja na kampuni ya Paramount iliyokuwa inasambaza hizo katuni, akadai dola 250,000. Ukiyaweka madai yake kwa lugha ya mtaani ni hivi: huyo Betty Boop wenu ni mimi. Nywele zangu, macho yangu, kisauti changu cha kitoto na ile boop-oop-a-doop yangu ninayoitupia katikati ya wimbo, vyote mmevichukua mkavichora mkaviuza na mimi sijaona hata senti. Kesi ikasikilizwa 1934 na dada akashindwa.

Siku hizi hii kesi inajulikana zaidi kwa ile stori inayozunguka mitandaoni kwamba Betty Boop wa kweli alikuwa mtoto mweusi wa Harlem, mtaa wa watu weusi pale New York. Stori hiyo ina ukweli ndani yake na ina chumvi pia, tutafika huko. Ila mimi ninachotaka tukione kwanza ni mwendo mzima wa jambo lenyewe, manake ukiifuata hii kesi toka mwanzo unaona kitu kimoja kinajirudia kila hatua: staili ya mwanamke inabaki sokoni inaingiza hela, mwanamke mwenyewe anaondolewa. Anaondolewa mmoja, anakuja mwingine, naye anaondolewa, mpaka mwisho unabaki mchoro tu, na mchoro wenyewe nao wanakuja kuuvalisha gauni refu.

Tuanze na flapa ni nani, kwa ambao hii habari ni mpya. Hawa ni mabinti wa baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Marekani hasa, na Uingereza pia walikuwepo, wengi wa mjini, waliokata nywele fupi kabisa, wakaachana na zile koseti zilizokuwa zinawabana mama zao mbavu, wakapandisha sketi kidogo kidogo mpaka katikati ya miaka ya 1920 zikawa zinacheza kwenye magoti, wakavuta sigara mbele za watu, wakanywa pombe wakati pombe yenyewe imepigwa marufuku nchi nzima, wakacheza dansi ya Charleston hadi usiku mkubwa. Hiyo ndo picha tunayoijua. Ila picha hiyo inaficha kitu kikubwa, kwamba sehemu kubwa ya hawa mabinti walikuwa wafanyakazi. Wapiga taipu, makarani, waunganisha simu, wauzaji wa maduka makubwa. Walikuwa wanashika mshahara wao wenyewe hata kama ni mdogo, wengine wamepanga chumba mjini mbali na macho ya baba, na Agosti 1920 katiba ya Marekani ikawa imeshakataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ni mwanamke (ingawa mwanamke mweusi wa majimbo ya kusini aliendelea kuzuiwa kwa mbinu za kila aina kwa miaka mingi sana baada ya hapo). Kwahiyo mtu akikata nywele zake mwaka 1922 watu walikuwa hawaoni nywele tu, walikuwa wanaona binti mwenye hela yake asiyesubiri ruhusa ya mtu, na hicho ndo kilichowatia watu hofu.

Na hofu inauza magazeti. Mwaka 1922 Chicago lilitoka jarida la mabinti wenyewe linaitwa The Flapper, lililojitangaza waziwazi kwamba siyo la watu wa mawazo ya kizamani. Upande wa pili wachungaji, walimu na wanasiasa wakawa na kazi ya kila wiki kueleza jinsi sketi fupi inavyobomoa taifa. Magazeti yakawa yanachapisha pande zote mbili kwa raha zote, hasira inauza na picha za miguu zinauza. Halafu wakaja wachoraji. Mmoja anaitwa John Held Jr. alichora flapa kwa jarida la Life, Life ile ya zamani ya vichekesho, akamchora ana miguu mirefu myembamba, kichwa cha mviringo, kiuno hakipo, anacheza muda wote, na mchoro ule ukashika vichwa vya watu kuliko binti yeyote aliye hai. Hapa pa kuweka alama. Miaka kadhaa kabla Betty Boop hajazaliwa, flapa ambaye mtu wa kawaida alikuwa anamfikiria alishakuwa mchoro, na mchoro wenyewe ni wa binti mweupe asiye na kazi, asiye na kodi ya chumba ya kulipa, asiye na shida yoyote duniani zaidi ya kutafuta pati.

Sasa kuhusu weupe huo. Charleston yenyewe ilitapakaa nchi nzima kutokea kwenye onyesho la Broadway la mwaka 1923 linaloitwa Runnin' Wild, waigizaji weusi, muziki wa James P. Johnson ambaye ni mweusi. Jazi ni ya watu weusi. Uimbaji ule wa kutupia sauti zisizo na maneno, Louis Armstrong alishaurekodi 1926, na Adelaide Hall akaimba na bendi ya Duke Ellington mwishoni mwa 1927 wimbo mzima bila neno hata moja. Harlem kulikuwa na Cotton Club ambako jukwaani wako weusi na mezani wanaruhusiwa kukaa weupe tu. Yaani ukitoa vitu vya watu weusi kwenye maisha ya flapa hakibaki kitu cha kucheza wala cha kusikiliza, zinabaki nywele na sketi. Lakini fungua majarida makubwa ya wakati ule uangalie michoro ya flapa, dada mweusi humuoni. Walikuwepo, walikata nywele, walivaa, walicheza, Florence Mills alikuwa staa mkubwa New York na London mpaka alipofariki Novemba 1927 akiwa bado kijana na Harlem nzima ikaingia msiba, ila neno flapa kwenye karatasi wakabaki nalo weupe.

Ndipo anapoingia Helen Kane. Jina lake la kuzaliwa ni Helen Schroeder, mtoto wa Bronx, amezaliwa 1904, mfupi, uso wa duara, nywele nyeusi za mawimbi mafupi, macho makubwa. Alianza kutafuta riziki jukwaani akiwa bado msichana mdogo. Mwaka 1928 akiwa ukumbi wa Paramount pale Times Square akaingiza ile boop-oop-a-doop katikati ya wimbo na ukumbi ukalipuka. Mwaka huohuo akaimba I Wanna Be Loved by You kwenye onyesho la Good Boy na kuirekodi kwenye sahani, na baada ya hapo hakuna kona ya Marekani ambayo hawakumjua. Wakatengeneza midoli ya Helen Kane. Wakaanzisha mashindano ya nani anaweza kumuigiza Helen Kane, na kwenye shindano moja la Bronx akashinda msichana anaitwa Mae Questel, jina hilo lishike. Mwaka 1929 Paramount wakamwingiza kwenye sinema, akatoka kwenye filamu kadhaa mwaka huo na uliofuata.

Nimekaa nimejiuliza kwanini kisauti kile kilipendwa kiasi kile, na jibu langu ndo hili. Flapa alikuwa anawatisha watu. Ana hela, ana kura, ana nywele fupi, anajua anachotaka kwa mwanaume na anakisema. Sasa chukua maneno yaleyale ya mapenzi, maneno ya mwanamke mzima, uyaweke kwenye sauti ya mtoto anayejifunza kuongea, papohapo hatari inakwisha. Mtu anapata kuburudika na uhuru wa yule dada bila kulazimika kuuchukulia kwa uzito. Simlaumu Helen kwa hilo, alikuwa na kipaji, muda wake wa kutupia zile sauti ulikuwa sahihi kabisa na alikuwa anatafuta ugali kama kila mtu, ila soko ndo lilikuwa linataka flapa wa namna hiyo, mkubwa kwa maungo na mdogo kwa sauti, na yeye akawa ndo amewaletea.

Mwishoni mwa 1929 soko la hisa likaanguka, watu wakaanza kupoteza kazi, sketi zikashuka, na flapa akaanza kuonekana kama mgeni ambaye sherehe imeisha na yeye bado yupo mlangoni. Helen naye nyota ikaanza kufifia. Na ni wakati huohuo, Agosti 1930, studio ya Fleischer ikatoa katuni inaitwa Dizzy Dishes, ndani yake kuna kiumbe kidogo cha kike kinaimba klabuni, kina masikio marefu ya mbwa lakini miguu na macho na kisauti na boop-oop-a-doop ni za mtu ambaye kila aliyekaa ukumbini alimtambua. Mchoraji alikuwa Grim Natwick, na miaka mingi baadaye alisema mwenyewe kwamba alianzia kwenye picha ya Helen Kane iliyokuwa kwenye karatasi ya muziki. Ilipofika 1932 yale masikio ya mbwa yalishageuka hereni, kiumbe kimekuwa mwanamke kamili anaitwa Betty Boop, na ana mfululizo wake mwenyewe.

Aliyekuwa anasambaza hizo katuni ni Paramount. Haohao Paramount. Kampuni ilimpa Helen Kane mkataba wa sinema 1929, na 1930 ikaanza kusambaza mchoro unaofanya kazi ileile anayofanya Helen. Kwangu mimi huu ndo moyo wa kesi na inaniuma kwamba watu wanaupita haraka kukimbilia kwenye stori ya nani alianza kusema boop. Mchoro hauombi nyongeza, haunenepi, hauzeeki, hauolewi, hauendi kwa wakili. Na sauti? Sauti ilikuwa inatolewa na wanawake mbalimbali kwa zamu, Margie Hines, Kate Wright, Bonnie Poe, Ann Little, na kuanzia 1931 yule Mae Questel aliyeshinda shindano la kumuigiza Helen Kane. Akiondoka mmoja anaingia mwingine na mtazamaji hajui. Kampuni ilikuwa imegundua namna ya kuwa na flapa bila kuwa na mwanamke ambaye anaweza kusema hapana.

Kuna katuni moja ya Januari 1932, miezi michache kabla Helen hajafungua kesi, na jina lake ni hilohilo, Boop-Oop-a-Doop. Betty anafanya kazi kwenye sarakasi. Baada ya shoo bosi anamfuata kwenye hema lake, anaanza kumpapasa miguu, anamtishia kwamba asipokubali kazi hana. Betty anamwimbia akimsihi asimchukulie boop-oop-a-doop yake. Mwishowe mwenzake Koko anamwokoa, na Betty anamhakikishia kwamba hakuchukuliwa. Ni katuni, watu walicheka, lakini angalia kilichomo: mwajiriwa wa kike, bosi, vitisho vya kufukuzwa kazi, na kitu cha thamani anachokitetea. Waliotengeneza ile katuni walikuwa wanajua vizuri maisha ya binti anayefanya kazi, waliyaona, wakayaweka pale kwa uwazi ambao filamu nyingi za watu halisi hazikuthubutu. Wakati huohuo neno lililobeba kitu hicho cha thamani walikuwa wamelichukua kwa mwanamke mwingine bila kumlipa.

Sasa mahakamani. Kesi ilisikilizwa New York, jaji Edward McGoldrick peke yake bila jopo la raia wa kuamua kesi, aprili na mei 1934. Magazeti yaliipokea kama kichekesho. Waandishi walifurahia mno jinsi makarani wa mahakama walivyohangaika kuandika boop-oop-a-doop, iandikwe vipi, ina herufi ngapi, iwe boop au boo. Zikaonyeshwa katuni, zikaonyeshwa filamu za Helen, kukawa na kuimba mle ndani. Nikisoma jinsi ilivyoripotiwa nabaki na hasira, kwasababu ukiondoa kicheko hili lilikuwa swali zito la mfanyakazi: sauti niliyoitengeneza mimi ikiwa ndo mtaji wangu pekee, je mwajiri wangu wa zamani anaweza kuitengenezea nakala akaniacha nje? Lakini flapa kwenye gazeti hakuwa mtu wa kuchukuliwa serious, walishamzoesha msomaji miaka kumi kwamba huyu ni wa kuchekwa, kwahiyo hata alipokwenda kudai haki yake wakacheka.

Fleischer akasema Betty ametoka kwenye mawazo tu, siyo mtu yeyote. Wale wanawake wa sauti wakaletwa kutoa ushahidi, na msimamo wao ukawa kwamba hawamuigizi Helen Kane. Waliwekwa pagumu sana wale dada, mshahara wao unatoka kwa mshtakiwa, wangesema nini. Upande wa utetezi ukaongeza kwamba sura ile siyo ya Helen peke yake, na kweli ukimweka Helen, Betty na Clara Bow (staa mkubwa kuliko wote wa Paramount enzi hizo) pamoja unaona wanafanana, nywele zilezile, macho yaleyale, mdomo uleule uliopakwa mdogo. Ilikuwa fasheni. Mtu hawezi kumiliki fasheni.

Halafu wakatoa karata yao nzito. Wakamleta meneja mmoja wa wasanii, Lou Bolton, akaeleza kuhusu mtoto aliyekuwa anamsimamia, Esther Jones, jukwaani wakimwita Baby Esther, mtoto mweusi anayecheza na kuimba, aliyekuwa akitangazwa kama Florence Mills mdogo. Bolton akasema alikuwa amemfundisha mtoto kutupia sauti kama boo-boo-boo na doo-doo-doo katikati ya nyimbo, na kwamba Aprili 1928 Helen Kane na meneja wake walikwenda klabu ya Everglades wakamwona Esther akifanya hivyo, na ni baada ya hapo Helen akaanza na boop zake. Ikaonyeshwa na filamu fupi ya majaribio ya sauti ya 1928, Esther akiimba kwa staili hiyo.

Hapa ndipo Helen alipozama. Ila tuuangalie ule ushahidi kwa makini maana haukuwa msafi hivyo. Bolton alipobanwa na mawakili wa Helen hakuweza kusema Helen aliingia pale klabu saa ngapi, kwahiyo hata alichokiona na kukisikia hakijulikani kwa uhakika, na akakubali kwamba upande wa Fleischer ulimlipa dola 200 aje New York. Na ile filamu, nyimbo alizoimba Esther mle ndani ni nyimbo ambazo Helen Kane alishazifanya maarufu, kwahiyo filamu yenyewe inathibitisha kwamba Esther aliweza kuimba vile, haithibitishi nani alitangulia. Na Esther mwenyewe? Hakuitwa. Mahakamani hakuwepo. Mtoto ambaye kesi nzima imeegemea kwake hakuulizwa swali hata moja, wala hakuna aliyekaa kwenye kiti cha shahidi kumsemea kwa maslahi yake yeye.

Hebu fikiria hilo. Studio ya weupe inatetea haki yake ya kutumia staili fulani bure, na hoja yake kubwa ni kwamba staili ile ni ya mtoto mweusi. Sawa, kama ni ya mtoto mweusi, basi mnadaiwa na nani na mnamlipa nani? Hoja ikaishia pale pale ilipowafaa. Esther alitumika kumwondoa Helen, na baada ya kumwondoa Helen hawakuwa na shida naye tena. Kama Bolton alisema kweli, basi Helen alimchukulia Esther na Fleischer akamchukulia Helen, na sheria ikasema aliyechukua mwisho ndo abaki nacho.

Mei 1934 jaji akatoa uamuzi: mlalamikaji hajathibitisha madai yake kwa uzito unaotosha, kesi imefutwa. Fleischer akafurahi hadi wakatengeneza kipande cha habari za sinema, yeye na wale wanawake wanaompa Betty sauti wakiwa pamoja mbele ya kamera. Ni moja ya nafasi chache sana ambazo wanawake wale walionekana sura.

Kisheria jaji hakuwa na sehemu kubwa ya kushika, na hili inabidi tulikubali hata kama tuko upande wa Helen. New York ilikuwa na sheria ya 1903 inayozuia kutumia jina au picha ya mtu kibiashara bila ruhusa yake ya maandishi. Sheria hiyo yenyewe ilizaliwa na msichana, Abigail Roberson wa Rochester, ambaye kampuni ya unga ilichapisha picha yake kwenye matangazo 25,000 bila kumuuliza, akashtaki, mwaka 1902 mahakama ya juu ya rufaa ya jimbo ikamwambia hana haki, watu wakakasirika mpaka bunge la jimbo likatunga sheria. Lakini sheria ile ilisema jina na picha. Haikutaja sauti. Haikutaja namna ya kuimba, kutingisha mabega, kurembua macho. Na vitu hivyo ndo vilikuwa mtaji wote wa msanii wa aina ya Helen au Esther, wimbo una mtunzi na mtunzi analindwa, lakini anayeufanya wimbo uwe kitu alikuwa halindwi na chochote. Ilikuja kuchukua mpaka 1988, kwenye kesi ya Bette Midler na kampuni ya magari ya Ford, ndo mahakama ya rufaa ya shirikisho kule California ikatamka kwamba ukimlipa mtu amuigize mwimbaji maarufu kwa makusudi ili uuze bidhaa umemkosea huyo mwimbaji. Helen alikuwa ameshakufa miaka 22.

Na ushindi wa Fleischer haukudumu. Julai 1934, wiki chache tu baada ya hukumu, Hollywood ikaanza kusimamia kwa nguvu kanuni zake za maadili chini ya Joseph Breen, kila filamu ipate cheti kabla haijatoka. Betty akashushwa sketi, ile kamba ya kushikia soksi pajani ikaondolewa, shingo ikafunikwa. Akapewa kijibwa, akapewa babu mvumbuzi wa mashine, akawa dada wa nyumbani au mfanyakazi mwenye adabu zake, hana tena bosi wa kumpapasa kwa sababu hana tena mwili. Ukitazama katuni za 1932 halafu za 1936 unashangaa kama ni kiumbe kilekile. Mfululizo ukafa 1939. Wanasema kanuni zilimuua, na ni kweli, ila mimi naona kazi ilishafanyika kabla. Kanuni zilipata mteremko kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kubishana nao. Helen Kane angeambiwa avae gauni refu na aache boop angeweza kugoma, kubishana, kwenda studio nyingine, kuongea na waandishi. Mchoro unafutwa mstari mmoja na kuchorwa mwingine chini kidogo, siku imeisha.

Helen aliendelea kuimba hapa na pale, mwaka 1950 ilipotengenezwa filamu yenye mtu anayemuigiza yeye, Debbie Reynolds akawa anafungua mdomo na sauti inayosikika ni ya Helen mwenyewe, sauti ileile baada ya miaka 22, bado iko vilevile. Alifariki Septemba 1966 akiwa na miaka 62. Mae Questel alifanya kazi ya sauti maisha yake yote, akawa pia sauti ya Olive Oyl kwenye katuni za Popeye, na 1988 akarudi kumpa Betty sauti kwenye filamu ndefu, bibi wa miaka 79.

Esther alikuwa amepelekwa Ulaya, Paris walimshangilia, na baada ya miaka ya mwanzo ya 1930 jina lake likapungua magazetini mpaka likaisha. Ndo maana leo watu wanajaza nafasi iliyoachwa wazi kwa kubuni. Utasoma kwamba Betty Boop alichorwa kwa kumwangalia Esther, hapana, aliyechorwa ni Helen Kane, Natwick kasema mwenyewe. Utasoma kwamba mahakama ilitamka Esther ndo mwenye Betty, hapana, mahakama ilisema tu Helen hajathibitisha. Kinachoweza kusemwa kwa uaminifu ni kidogo kuliko hapo lakini kina uzito wake: staili ya kutupia sauti ilikuwa ya wasanii weusi kabla ya Helen, mtoto mmoja mweusi alikuwa anaifanya jukwaani New York, habari zake zikatumika mahakamani kumfaidisha mwenye studio, na yeye hakupata fungu. Hatuna haja ya kuongeza chumvi.

Siku hizi ule mchoro wa kwanza wa 1930 wenye masikio ya mbwa umetimiza miaka 95 ya hakimiliki ya Marekani na toka Januari 2026 kule yeyote anaweza kuutumia, ingawa jina la Betty Boop kama alama ya biashara bado lina wenyewe na bado linauzwa kwenye vikombe, mikoba na tisheti. Na ile picha inayozunguka, dada mweusi mrembo wa kizamani na nywele za mawimbi akiangalia kamera kwa pozi, chini wameandika Baby Esther, siyo yeye. Ni modeli wa miaka hii aliyepigwa picha studio kwa mtindo wa zamani. Esther mwaka 1928 alikuwa mtoto mdogo kabisa, na picha zake halisi zipo kwenye magazeti ya wakati ule, anaonekana ni mtoto, ana meno ya mtoto na gauni la mtoto. Kama unayo ile nyingine kwenye ukurasa wako iondoe, weka hii ya kweli.